Mkeka wa Picha: Kumbukumbu na Haki ya Kukumbuka katika Sanaa ya Dinh Q. Lê

Katika uhakiki wa fasihi ni jambo la kawaida kuizungumzia matini kana kwamba ni kitu kilichosukwa. Visa husukwa, mtunzi hulaumiwa kwa msuko uliolegea, na neno lenyewe ambalo lugha nyingi za Ulaya hulitumia kwa matini lina asili yake katika kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kufuma. Kwa kutumiwa mno, sitiari hii imechakaa, na aghalabu mhakiki anayeitaja hafikirii tena mikono, ukindu wala mkeka. Dinh Q. Lê, msanii mzawa wa Vietnam aliyefariki mwezi wa Aprili 2024, aliichukua sitiari hiyo hiyo na kuirudisha mikononi. Alizikata picha za kamera kuwa kanda nyembamba, akazifuma kama mkeka, na kwa zaidi ya miaka thelathini akaifanya kazi hiyo kuwa njia ya kuuliza swali zito: ni nani aliye na haki ya kuwakumbuka wafu kwa niaba ya wengine, na awakumbuke kwa namna gani?

Lê alizaliwa mwaka wa 1968 katika mji wa Hà Tiên, kusini mwa Vietnam, karibu sana na mpaka wa Kambodia. Watu wengi wanapolisikia jina la Vietnam huvifikiria vita dhidi ya Marekani, vita vilivyokwisha Aprili 1975. Hata hivyo, si vita hivyo vilivyomfanya Lê kuwa mkimbizi. Mwaka wa 1978 majeshi ya Khmer Rouge yalivuka mpaka na kuushambulia mji wao. Familia yake ikakimbilia Thailand, na hatimaye ikafika California, Marekani. Mtoto huyo wa miaka kumi, aliyehamishwa na vita vya majirani, alijikuta katika nchi iliyokuwa na simulizi yake yenyewe kuhusu vita vingine. Baadaye, akiwa mwanafunzi wa chuo, alihudhuria kozi juu ya vita vya Vietnam, akaona kwamba mateso yaliyozungumziwa yalikuwa, kwa sehemu kubwa mno, ya wanajeshi wa Kimarekani. Alijibu kwa kutengeneza mabango yaliyowakumbusha wenzake kwamba Wavietnam nao walikufa, tena kwa mamilioni. Mabango hayo si kazi zake bora, lakini yanafichua mapema msukumo ambao haukumwacha kamwe: kutoridhika na picha moja iliyojitangaza kuwa picha nzima.

Alihitimu katika Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara, mwaka wa 1989, na akapata shahada ya uzamili ya sanaa katika School of Visual Arts, New York, mwaka wa 1992. Hata hivyo, mbinu iliyomtambulisha hakuifunzwa chuoni. Aliipata kwa shangazi yake, aliyemfundisha utotoni kusuka mikeka ya nyasi. Kile ambacho kwa shangazi kilikuwa kazi ya nyumbani, kwa mpwa kiligeuka kuwa falsafa. Picha moja huwa mtande, yaani zile kanda ziendazo urefu. Picha ya pili huwa mshindio, zile zinazokingama. Kila ukanda hupita juu ya mwenzake, kisha chini yake, kisha juu tena. Katika kazi zake za mwanzo alizifuma picha zake mwenyewe pamoja na michoro ya Kikristo ya Ulaya ya enzi ya Mwamko, na uso wa kijana wa Kiasia ukawa unachungulia kati ya watakatifu wa Kiitalia.

Hapa ndipo uhakiki unapohitaji kujihadhari. Ni rahisi kuona kanda za picha mbili zikishikana na kutamka kwamba huu ni mseto, kwamba Mashariki na Magharibi zimepatanishwa, kwamba mkimbizi ameupata utambulisho wake mpya. Usomaji wa namna hiyo hufurahisha, lakini haulingani na ushahidi wa kazi zenyewe. Rangi mbili zilizochanganywa katika kopo huzaa rangi ya tatu. Kanda mbili zilizofumwa hubaki mbili. Zaidi ya hayo, kila mahali ukanda mmoja unapoonekana, mwingine umefichwa. Mfumo mzima hushikamana kwa sababu kila picha imekubali kufunikwa kwa kiasi. Katika sanaa ya Lê, basi, kilichofichwa ni sehemu ya kilichoonyeshwa, na hakuna upande unaoweza kudai kuonekana wote bila kuuharibu mkeka.

Kanuni hii ilipata mtihani wake mkali katika mfululizo uitwao "Cambodia: Splendor and Darkness", yaani "Kambodia: Fahari na Giza", alioushughulikia katika miaka ya tisini. Kati ya 1975 na 1979, Khmer Rouge waliigeuza shule moja ya Phnom Penh kuwa gereza. Mahali hapo, panapojulikana leo kama Makumbusho ya Tuol Sleng, palipitia wafungwa zaidi ya 12,000, na waliotoka wakiwa hai walikuwa wachache mno. Wafungwa walipofikishwa walipigwa picha kwa ajili ya majalada ya gereza. Picha hizo zimesalia: wanaume, wanawake na hata watoto wakiitazama kamera ya wale waliokuwa wakienda kuwaua. Lê alizichukua nyuso hizo, akazifuma pamoja na picha za michongo ya mawe ya mahekalu ya Angkor, fahari kuu ya ustaarabu wa Wakhmer. Matokeo yake ni macho ya mfungwa yakitokeza katikati ya miungu na wacheza ngoma wa mawe, huku kidevu chake kimemezwa na ukuta wa hekalu.

Kazi hizi ni nzuri kwa macho, na uzuri huo ndio tatizo. Mpinzani ana haki ya kuuliza: je, ni halali kuutengeneza urembo kutokana na picha iliyopigwa na muuaji? Marehemu hakuombwa idhini alipopigwa picha, wala hakuombwa ilipofumwa, wala hakuombwa ilipotundikwa katika majumba ya sanaa ya nchi tajiri. Wako watakaojibu kwamba Lê mwenyewe alifukuzwa kwao na jeshi lilo hilo, na kwa hiyo anayo haki. Jibu hilo halitoshi. Kupata hasara kutoka kwa adui mmoja hakumpi mtu umiliki wa msiba wa mwenzake. Ikumbukwe pia kwamba Lê ni Mvietnam na wale ni Wakambodia, na majirani hao wana historia ndefu ya kudaiana.

Jibu zito zaidi limo katika umbo lenyewe. Picha ya gereza ina kazi moja: kumtambulisha mfungwa kwa haraka na kwa ukamilifu, ili askari asikosee. Uso hutolewa wote, wazi, bila kivuli. Ufumaji huiondolea picha kazi hiyo. Anayeisimamia karibu huona miraba midogo isiyo na maana; akirudi nyuma hatua chache, uso hujikusanya, lakini kamwe haujikusanyi wote. Mtazamaji hawezi kumkagua mfungwa kama alivyokaguliwa na mlinzi. Hana budi kumtafuta. Vilevile, Angkor haibaki salama. Watawala wa Kambodia wa zama hizi, Khmer Rouge wakiwemo, waliliweka hekalu hilo kwenye bendera zao. Kulifuma pamoja na nyuso za Tuol Sleng ni kusema kwamba fahari ya kale haiwezi kutajwa kwa sauti safi, kana kwamba giza halikupita katikati yake. Hata hivyo, pingamizi halikufutika. Waliofumwa walibaki kimya, na aliyesema kwa niaba yao alikuwa msanii peke yake. Ni vigumu kuifuatilia kazi ya Lê ya miaka iliyofuata bila kuona jinsi kimya hicho kilivyoendelea kumsumbua.

Katika mfululizo wa "From Vietnam to Hollywood", wa miaka ya mwanzo ya karne hii, alizifuma picha za waandishi wa habari za vita pamoja na picha kutoka filamu za Kimarekani kuhusu vita hivyo. Filamu "Apocalypse Now" ya mwaka wa 1979, ambayo ni miongoni mwa hizo, haikupigwa Vietnam bali Ufilipino. Hata hivyo, kwa mamilioni ya watazamaji hiyo ndiyo Vietnam. Lê alikiri kwamba hata mkimbizi hanusuriki. Mtoto aliyehama akiwa na miaka kumi, akakua akizitazama filamu hizo, hawezi kuapa kwamba kila anachokikumbuka alikiona kwa macho yake. Kumbukumbu yake na picha za wengine zimekwisha kupishana juu na chini. Ni mara chache msanii wa ughaibuni hukiri kwamba chemchemi anayodai kuchota kwayo imeshaingiliwa.

Dawa aliyoitafuta ilikuwa kurudi. Alianza kuitembelea Vietnam mwanzoni mwa miaka ya tisini, na mwishoni mwa mwongo huo akahamia Jiji la Ho Chi Minh, Saigon ya zamani. Huko alizizunguka duka za vitu vikuukuu akitafuta picha za familia yake zilizoachwa walipokimbia. Alichokuta ni marundo ya picha za familia za watu wengine: harusi, watoto waliovalishwa vizuri, wazee waliokaa studioni. Akazinunua kwa kilo. Kisha alizishona mamia kwa mamia kuwa pazia kubwa alilolipa jina la "Mot Coi Di Ve", jina la wimbo wa Trịnh Công Sơn, ambalo yeye alilielewa kuwa na maana ya kutumia maisha yote kuitafuta njia ya kurudi nyumbani. Upande mmoja wa pazia una picha. Upande wa pili una maandishi, yakiwemo maneno ya watu waliokimbia na mistari kutoka "Truyện Kiều".

Utajo huo wa "Truyện Kiều" unastahili kusitwa juu yake na msomaji wa ushairi. Utungo huu wa Nguyễn Du, wa mwanzoni mwa karne ya 19, una mishororo 3,254 na husimulia habari za binti anayekubali kuuzwa ili awaokoe baba na ndugu yake, kisha anatangatanga kwa miaka kumi na mitano kabla ya kuwaona tena jamaa zake. Umetungwa kwa bahari ambamo mshororo wa mizani 6 hufuatwa na wa mizani 8. Silabi ya sita ya mshororo mfupi hutoa kina kwa silabi ya sita ya mshororo mrefu. Kisha silabi ya nane ya mshororo mrefu huzaa kina kipya, kitakachodakwa na silabi ya sita ya mshororo mfupi unaofuata. Mtu aliyelelewa na utenzi wa Kiswahili ataitambua tofauti mara moja. Katika utenzi, kina cha mshororo wa nne hurudi katika kila ubeti, kikaufunga utungo mzima kuanzia dua ya ufunguzi hadi tamati. Katika bahari ya Kiều hakuna kina kinachodumu. Kila kimoja hupokezana na jirani yake, kisha hutoweka. Pazia la Lê limeshonwa kwa kanuni ya pili. Hakuna picha moja inayozifunga zote. Kila familia imeshikwa na ile iliyo kando yake tu, familia isiyoijua, na pazia haliporomoki.

Ni vyema pia kuona kwamba ufundi umebadilika. Wasukaji wa mikeka wa pwani ya Afrika Mashariki husuka kwanza ukili, ukanda mrefu wa miyaa, kisha huzishona kili hizo pamoja hadi mkeka ukapata upana. Kusuka na kushona ni hatua mbili. Lê, bila shaka, hakujifunza kwa wasukaji hao, lakini njia yake ilizipitia hatua zizo hizo. Katika ufumaji wa mwanzo alizikata picha. Katika pazia hakuikata hata moja. Picha za watu asiowajua, ambao huenda wako hai, aliziacha nzima.

Mwaka wa 1998 alifungua kibanda katika soko moja la Jiji la Ho Chi Minh, katika mradi alioupa jina "Damaged Gene". Aliuza nguo za watoto zilizoshonwa kwa ajili ya pacha walioungana miili, pamoja na vidoli vya namna hiyo. Kati ya 1961 na 1971 ndege za Marekani zilimwaga mamilioni ya lita za dawa za kuua mimea juu ya misitu na mashamba ya Vietnam, na sumu ya dioksini iliyokuwamo imehusishwa na ulemavu wa watoto waliozaliwa baadaye. Jambo hilo lilikuwa halizungumzwi hadharani kwa urahisi. Kibanda hakikuhutubia mtu. Kiliweka bidhaa mezani na kuwaacha wapita njia waulize, na walipouliza wakaanza kusema. Hapa, pengine kwa mara ya kwanza, kazi ya Lê ilihitaji sauti ya mtu mwingine ili ikamilike.

Hatua hiyo ilifikia upeo katika "The Farmers and the Helicopters", yaani "Wakulima na Helikopta", ya mwaka wa 2006. Ni filamu inayoonyeshwa kwenye skrini tatu kwa pamoja, aliyoitengeneza kwa ushirikiano na wasanii Tuan Andrew Nguyen na Phu Nam Thuc Ha. Ndani yake Wavietnam wa kawaida husimulia jinsi walivyoziona helikopta kwa mara ya kwanza wakati wa vita. Wapo wanaokumbuka hofu. Wapo pia wanaokumbuka mshangao. Kando ya masimulizi hayo wako Trần Quốc Hải, fundi aliyejifunza mwenyewe, na Lê Văn Danh, mkulima, ambao walijiundia helikopta kwa vyuma na vipuri walivyovikusanya, wakiwa na nia ya kuitumia kwa kilimo na kwa uokoaji. Helikopta yao iliwekwa ukumbini pamoja na filamu, na mwaka wa 2010 ilionyeshwa katika Makumbusho ya Sanaa za Kisasa ya New York. Kifaa ambacho filamu za Hollywood zilikifanya kuwa taashira ya maangamizi kilirudi Marekani kikiwa zao la mikono ya mkulima. Lê hakuifuma helikopta hiyo na kitu chochote. Aliwaachia wenyewe waseme maana yake.

Mwaka wa 2012, katika maonyesho ya kumi na tatu ya documenta mjini Kassel, Ujerumani, aliwasilisha "Light and Belief", mkusanyiko wa michoro iliyochorwa vitani na wasanii waliokuwa upande wa Kaskazini na wa wapiganaji wa msituni, pamoja na filamu ambamo wasanii hao, sasa wazee, wanazungumza. Kwa mtu aliyekulia miongoni mwa wakimbizi wa Kusini, hao walikuwa ndio upande wa pili. Kuwapa ukumbi wake mwenyewe, katika jukwaa kubwa namna ile, kulikuwa kukubali kufunikwa ili mwingine aonekane. Ni kanuni ya mkeka, ila sasa si ya karatasi bali ya mwenendo. Katika mwelekeo uo huo, mwaka wa 2007 alikuwa ameshirikiana na Nguyen, Phu Nam na Tiffany Chung kuanzisha Sàn Art, kituo huru cha sanaa katika Jiji la Ho Chi Minh, ambako wasanii vijana walipata mahali pa kuonyesha kazi na kujadiliana.

Ingekuwa rahisi kuhitimisha hapo na kusema kwamba msanii alipanda ngazi: alianza kwa kuwasemea walionyamazishwa, akaishia kuwasikiliza wanaosema. Usomaji huo una ukweli mwingi, lakini miaka yake ya mwisho inauvuruga. Lê alirudi tena kwenye nyuso za Tuol Sleng. Safari hii alizifuma pamoja na michoro ya Reamker, utendi wa Ramayana kwa umbo lake la Kikambodia, kama ilivyochorwa kwenye kuta za kasri la mfalme mjini Phnom Penh. Utendi huo ni habari ya uhamisho, vita na kurudi. Wafungwa wa Tuol Sleng walivijua vita, na hawakurudi.

Kwa nini alirudi kwenye kazi ambayo pingamizi lake halikuwa limejibiwa? Jibu linalopatana na mwenendo mzima wa kazi zake ni kwamba wako wafu wasioweza kualikwa ukumbini. Mkulima anaweza kuulizwa. Mchoraji mzee wa vitani anaweza kuulizwa. Mfungwa wa 1977 hawezi. Kumsikiliza kunakoweza kufanyika kwa hao wawili hakuwezekani kwake, na kukaa kimya juu yake ni kuwaachia walinzi wa gereza neno la mwisho, kwa kuwa picha pekee iliyobaki ni yao. Kati ya kosa la kusema kwa niaba ya marehemu na kosa la kumwacha katika jalada la muuaji wake, Lê alilichagua la kwanza, akijua kwamba ni kosa, na akaliweka alama ya kukiri ndani ya umbo lenyewe: uso haukamiliki.

Mhakiki anayetaka kuiita kazi hii upatanisho hana budi kusimama mbele ya mojawapo ya nyuso hizo na kutafuta mahali ambapo hekalu, utendi na mfungwa vimekuwa kitu kimoja. Hatapaona. Ataona kanda zinazopishana, na katika baadhi ya miraba jicho linalomtazama, na kando ya jicho hilo, pale shavu lilipopaswa kuwa, mkono wa shujaa wa Reamker ukivuta upinde.